Jinsi Ujumbe Ulivyohama Kutoka Mashini Hadi Mashini

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia. Limechapwa kama lilivyosomwa.

Kama redio inakwaruza, mwalimu msaidizi aisogeze karibu na dirisha. Maneno yote ya leo yamo katika karatasi hii, kwa hiyo asiyesikia vizuri atasoma baadaye. Tafadhali wekeni tayari ubao na chaki, maana tutaandika mara mbili tatu.

Habari zetu za leo ni habari za ujumbe, na hasa jinsi kazi ya kupeleka ujumbe ilivyohamishwa kutoka mashini moja hadi mashini nyingine, mpaka ikafika ndani ya simu ndogo ya mfukoni. Huenda mtu akasema, "Hiyo ni kazi ya mafundi, yanihusu nini?" Inakuhusu. Mganga wa zahanati anapotaka dawa, au mfugaji anapotaka kutoa habari kwamba mifugo yake inakufa, ujumbe wake utafika au hautafika kwa sababu ya namna kazi hii ilivyofanywa. Kuna simu zilizoachwa nyuma, na mwenye simu iliyoachwa nyuma huachwa nayo.

Tuanze zamani kidogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima yetu ya Uluguru, karibu na mji wa Kisabengo ulioitwa Simbamwenni. Stanley, yule msafiri, alipita hapo mwaka 1871. Siku zile habari ilikwenda kwa miguu ya tarishi. Baadaye Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli zikaja nguzo na nyaya za simu, na pale stesheni akakaa karani aliyejua kugeuza herufi kuwa nukta na mistari.

Mtazameni sana karani huyo. Mtu alimletea maneno kwenye karatasi. Waya haukuweza kubeba karatasi, wala haukuijua herufi A wala herufi B. Uliweza kubeba mgongo mfupi na mgongo mrefu tu. Basi karani alichukua maneno yale yale akayavika nguo nyingine ili yapite katika waya, na karani wa upande wa pili akayavua nguo hiyo akayarudisha kuwa herufi. Maneno hayakubadilika, ila yalibadilishwa mavazi. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo litakalorudi tena na tena katika somo letu.

Sasa turuke miaka mingi, tuje kwenye kompyuta. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Yajua namba tu, na kila aina ya kompyuta ina namba zake za amri. Namba inayomaanisha "jumlisha" katika mashini hii yaweza kumaanisha jambo jingine kabisa katika mashini ile. Katika miaka ya 1950 na 1960 mafundi wengi waliandika amri zao kwa lugha ya mashini moja tu. Mashini ile ikizeeka na kununuliwa nyingine, kazi yote ya miaka huandikwa upya. Ni kama fundi aliyeshona suruali mia kwa kipimo cha mtu mmoja, kisha mtu yule akahama mji.

Mwaka 1972, katika maabara za Bell huko Marekani, fundi mmoja jina lake Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya kuandikia programu. Programu maana yake ni mfululizo wa amri ambazo kompyuta huzifuata. Lugha hiyo iliitwa C, herufi moja tu, kwa kuwa ilifuata lugha nyingine iliyoitwa B. Faida ya C ilikuwa hii: fundi aliandika amri zake mara moja, kisha programu nyingine, ambayo sisi tutaiita mkalimani, ikazitafsiri ziwe namba za mashini inayohusika. Ukitaka kuhamia mashini nyingine, hubadilishi kazi yote. Watafuta mkalimani wa mashini ile. Mwaka 1973 Ritchie na mwenzake Ken Thompson waliandika upya kwa C ule mfumo wao wa kuendesha kompyuta uitwao Unix. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha ulikuwa umekwisha kuhamishwa hadi mashini za namna nyingine kabisa.

Lakini msidhani kuhama kulikuwa rahisi. Mwalimu msaidizi, andika ubaoni neno UNIX kwa herufi kubwa. Mafundi husimulia kwamba Unix ilipohamishwa kwenye mashini moja mpya, neno hili lilitoka limeandikwa NUXI. Je, nani ameona kilichotokea? Herufi zimepinduliwa mbili mbili: UN imekuwa NU, na IX imekuwa XI. Mashini ya kwanza ilipanga kila jozi ya herufi kuanzia upande mmoja, na mashini ya pili ilipanga kuanzia upande mwingine. Hakuna aliyekosea, kila mashini ilikuwa na desturi ya kwao. Sasa jaribuni ninyi wenyewe. Andikeni neno HODI, kisha lipindueni mbili mbili. Mmepata OHID, sivyo? Basi fikirini mtu anabisha mlangoni kwenu anasema "Ohid! Ohid!" Nani atamfungulia?

Kwa hiyo wale wanaopeleka ujumbe baina ya mashini mbalimbali hawana budi kupatana kwanza juu ya upande wa kuanzia, kama vile watu wawili wanaobeba gogo wanavyopatana ni mguu upi utangulie.

Kazi ya kupeleka ujumbe ina mambo mengi yanayorudiwa. Kufungua njia. Kufunga maneno katika vifurushi. Kuviweka foleni ikiwa njia imejaa. Kungoja jibu kwamba vimefika, na kurudia visipofika. Isingefaa kila fundi aandike mambo hayo upya kila mara, kwa hiyo huandikwa mara moja na kuwekwa mahali programu nyingine zinapoweza kuyaazima. Mafundi huita mkusanyo huo maktaba, na jina lafaa, ila mwazimaji hapa ni programu na hakuna vitabu. Maktaba moja mashuhuri ya ujumbe iitwayo ZeroMQ ilianza mwaka 2007. Mmoja wa watengenezaji wake, Martin Sústrik, baadaye aliandika waziwazi kwamba ingalifaa zaidi kama angaliiandika kwa C badala ya lugha mpya zaidi aliyoichagua. Kisha akatengeneza nyingine kwa C, akaiita nanomsg. Mimi humsifu mtu wa namna hiyo. Lugha ya mwaka 1972 ilikuwa ya kizee machoni pa wengi, lakini ndiyo iliyo na wakalimani karibu kwa kila mashini duniani, ndogo na kubwa.

Basi simu ya mkononi inaingia wapi? Simu nayo ni kompyuta, ila ni kompyuta ya namna yake. Simu nyingi za leo zina ubongo wa aina iitwayo ARM, ambayo asili yake ni mji wa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1980. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android ikauzwa mwaka 2008. Android ilitaka programu ziandikwe kwa lugha nyingine iitwayo Java. Mwaka 2009 ndipo wenyewe walipotoa zana za kuingizia kazi zilizoandikwa kwa C. Hapo maktaba za zamani zilipata mlango.

Lakini ndani ya nyumba walikuta mambo mageni. Kompyuta ya ofisini hukaa mahali pamoja na hula umeme wa ukutani. Simu hula betri, na ili betri isiishe, simu hulala. Programu ikisema, "Nitakaa macho nikingoja barua," simu humwambia, "Hapana, lala." Tena kompyuta ya ofisini ina anwani moja kutwa nzima, lakini simu husafiri na mwenyewe. Mtu akitoka mjini Morogoro akapanda basi la Mgeta, simu yake huachia mnara huu na kushika ule, mara yapoteza yote. Maktaba iliyozoea ofisi hudhani rafiki yake amekufa. Fundi anayehamisha hana budi kuifundisha uvumilivu: njia ikikatika, ngoja, jaribu tena, wala usitupe barua.

Sisi wa Uluguru twalijua jambo hili bila kuambiwa na fundi. Milima yetu ina vilele vinavyopita mita 2,600 juu ya bahari, na mawimbi ya simu hayapendi kupita katika mwamba. Ndiyo sababu minara imejengwa juu ya Bondwa, ule mlima unaoonekana toka mjini, ukipanda kwa njia ya Morningside. Anayeuona mnara hupata sauti. Aliye nyuma ya tuta hupanda tuta.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe mfupi ambao sote twaujua, ujumbe wa maneno wa simu. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Neil Papworth ndiye aliyeupeleka, nao ulikuwa salamu za Krismasi. Tena haukutoka katika simu. Ulitoka katika kompyuta ukaingia katika simu, kwa kuwa simu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuandikia maneno kama hayo. Hapa Tanzania kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994, na Vodacom ikafuata mwaka 2000.

Andikeni ubaoni namba 160. Hiyo ndiyo idadi ya herufi zinazoingia katika ujumbe mfupi mmoja. Kwa nini 160, wala si 200? Wabunifu walitumia nafasi ndogo iliyobaki katika njia ambayo simu na mnara hutumia kuambiana, "Nipo hapa," na "Unapigiwa." Nafasi ile yaweza kubeba alama 1,120 za ndiyo-au-siyo. Kila herufi ikichukua alama 7, fanyeni hesabu: 1,120 gawanya kwa 7. Mmepata 160. Vizuri.

Lakini orodha ile ya alama 7 ni fupi. Ina herufi zetu zote kutoka A mpaka Z, kwa hiyo Kiswahili chaingia chote. Herufi za Kiarabu hazimo. Ukiandika hata moja, mashini huhamia orodha kubwa ambayo kila herufi huchukua alama 16. Gawanyeni tena: 1,120 kwa 16 ni 70. Na hapa pana mtego wetu sisi tunaoandika Kiswahili. Neno ng'ombe lina alama ya juu kati ya g na o. Ikiwa ni kijistari kilichonyooka, kimo katika orodha fupi. Ikiwa ni kile kilichopinda kama mkia, ambacho kompyuta nyingi hukiweka zenyewe bila kuulizwa, hakimo! Basi ujumbe wote hupungua kutoka herufi 160 hadi 70, kwa ajili ya mkia wa ng'ombe. Mwenye kupeleka ujumbe kwa wafugaji elfu moja atalipa mara mbili au tatu, asijue kwa nini.

Kazi kubwa ya ujumbe mfupi katika mkoa wetu ilionekana mwaka 2009. Wizara ya Afya ikishirikiana na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, pamoja na umoja wa kupiga vita malaria, ilianzisha jaribio katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini, na Ulanga, ambayo ni ya mkoa wa Morogoro na makao yake ni Mahenge. Vituo vya afya 129 viliingia. Shida yenyewe ilikuwa hii: mgonjwa wa malaria alifika kituoni, na dawa ya mseto haikuwapo. Wilayani hawakujua, maana taarifa ilikwenda kwa karatasi, na karatasi huchelewa.

Basi kila Alhamisi mashini ilipeleka ujumbe kwenye simu ya mtumishi wa kila kituo, ikimwuliza, "Dawa zimebaki ngapi?" Mtumishi alihesabu, akajibu kwa ujumbe usiolipiwa, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio katika simu yake. Mganga wa wilaya akaona hesabu ya vituo vyote mahali pamoja, akajua pa kupeleka na pa kupunguza. Hawakununua simu mpya. Walitumia simu ambazo watumishi walikuwa nazo, za vitufe. Kazi yote nzito ilibaki katika kompyuta kubwa, na simu ikaachiwa jambo inalolijua.

Jaribio lilichukua wiki 21. Katika wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa au kipimo kimoja cha dawa za malaria. Wiki ya 21, vilikuwa 26 katika kila 100. Si kwamba ujumbe ulitengeneza dawa. Nyingine zilikuwapo wilayani au katika kituo cha jirani, zikikaa bure. Watu pia walikosea kuandika: karibu ujumbe 7 au 8 katika kila 100 ulikuja na kasoro, lakini karibu wote ulisahihishwa ukapelekwa tena. Nawatajia hayo kwa kuwa baadhi yenu husema, "Sisi tumejifunza kusoma ukubwani, mashini itatucheka." Wale walikuwa watumishi wa afya waliosoma, na bado walikosea, wakarudia.

Huduma ya fedha ilifuata njia karibu na hiyo. Kenya ilipoanza M-Pesa mwezi Machi 2007, programu yake iliwekwa ndani ya kadi ya laini. Ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, watu walizoea kubonyeza nyota, 150, nyota, 00, reli. Orodha mnayoiona hapo haimo katika simu yenu. Imo katika kompyuta za kampuni, na simu huionyesha tu, kama ubao huu unavyoonyesha maneno ya mwalimu. Hivyo haikuwa lazima kuihamisha kwenye kila aina ya simu. Bibi mwenye kiswaswadu huko Tegetero na kijana mwenye simu janja pale Msamvu hubonyeza namba zile zile.

WhatsApp ilikwenda kwa njia nyingine. Jan Koum na Brian Acton waliianza Marekani mwaka 2009, kwanza kwa iPhone tu. Kisha wakaihamisha kwenye BlackBerry, kwenye Nokia, kwenye Android. Wakaihamisha hata kwenye zile Nokia za bei nafuu za aina ya S40, ambazo wengi katika Afrika walikuwa nazo. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, maana zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kukumbukia mambo, lakini kwa ajili hiyo watu wengi wa kipato kidogo waliingia katika mazungumzo. Halafu tarehe 31 Desemba 2018 huduma kwa simu za S40 ikakomeshwa. Simu hazikuharibika. Betri zilishika chaji, sauti ilisikika. Ila fundi aliyekuwa akizivika nguo mpya kila mara aliacha kushona. Mimi naona ni haki ya mnunuzi kuambiwa mapema, dukani, simu yake itatunzwa mpaka mwaka gani, kama vile unga unavyoandikwa tarehe.

Tumalizie hapa nyumbani. Chini ya mlima, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, kuna kituo cha utafiti wa magonjwa kiitwacho SACIDS. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014, waandishi wa programu wa Kitanzania pamoja na wataalamu wa afya ya watu na ya mifugo walitengeneza programu ya simu za Android iitwayo AfyaData, wakaijaribu Ngorongoro na hapa Morogoro. Hawakuanza na shamba lisilolimwa. Walichukua kazi iliyokwisha kufanywa na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, iitwayo ODK, ambayo iliachwa wazi ili yeyote aitumie na kuibadilisha, wakaivika mahitaji ya hapa: watu waliochaguliwa na vijiji vyao watoe habari za ugonjwa wa mtu au wa mnyama, na wapate majibu.

Jambo moja katika programu hiyo nataka mlielewe vizuri. Mtoa habari akiwa bondeni, pasipo na mnara, hujaza maswali yote: ni mnyama gani, dalili gani, wangapi wamekufa. Kisha husema, "Hifadhi." Ripoti hukaa ndani ya simu, haipotei. Mtu huyo hufunga simu, huenda zake, hupanda njia ya kwenda sokoni au shuleni. Akifika mahali mnara unapoonekana, ripoti huweza kwenda, hata kama ni jioni ya siku ya pili.

Saa yetu imekwisha. Mwalimu msaidizi sasa awape wanafunzi dakika kumi, kila mmoja aandike kwenye karatasi ujumbe kwa zahanati yake usiopita herufi 160, pamoja na nafasi kati ya maneno, kisha jirani yake auhesabu. Kwaherini.